Viroboto Maji Kumi na Mmoja

Vuteni viti, ninyi mnaobaki maabara, mnisikilize. Nimestaafu mwezi uliopita. Nilirudisha funguo na koti jeupe lenye doa la iodini mfukoni, na siku ya kuagana mkaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Naandika, ila mliotegemea habari za nilivyopanda cheo mtangoja sana. Nitawaeleza habari za wadudu, za vikombe vya kioo, za mwanamke aitwaye Mama Shija, na za kosa langu moja ambalo mpaka leo linaniinamisha uso nikipita karibu na lambo lenye ng'ombe.

Mimi nimezaliwa upande wa Kolandoto, katika nyumba ya wafugaji. Nilifika maabara ya maji pale Shinyanga nikiwa na cheti kipya na viatu vya dada yangu. Nilitarajia kukabidhiwa mashine. Aliyenipokea alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa Tanga, mwenye ushungi uliopigwa pasi na sauti isiyopanda hata siku ya hasira. Aliniwekea mezani chupa ya achari iliyooshwa. Ndani mlikuwa na maji ya kijani kibichi na vidoa vidogo vikirukaruka.

"Hawa ndio wenzako wa kazi," akasema. "Wasalimie."

Nilidhani ananifanyia utani wa mgeni, sikuwasalimia. Kesho yake nikaona maji ya chupa yamepungua, nikajaza ya bomba. Nilitaka kuonekana mchapakazi. Kufika saa nane mchana wenzangu wote walikuwa wamelala chini, weupe. Bi Zuhura hakunigombeza. Alinipa kalamu na daftari, akaniambia niandike: maji ya bomba, hayakulazwa, wote. Kisha akasema hilo ni jaribio langu la kwanza la sumu na limefaulu, isipokuwa lina kasoro moja, sikuwa na kundi la kulinganishia.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba klorini inayotulinda sisi na kuhara inamuua kiroboto maji. Tangu siku hiyo sikuwahi kutumia maji ya kisima au ya bomba bila kuyalaza siku mbili kwenye ndoo wazi. Ninyi pia msiache. Mkiua kundi lenu la kwanza, msilie sana. Hakuna aliyewahi kuijua kazi hii bila kuua kundi la kwanza.

Kwa wale waliokuja juzi, ambao bado wanaona aibu kuuliza, ngoja nieleze jaribio lenyewe. Kiroboto maji ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Anaishi kwenye mabwawa, anakula ukungu wa kijani, na samaki wadogo wanamla yeye. Sumu ikiingia majini, yeye anaumwa kabla ya samaki, na samaki anaumwa kabla ya ng'ombe. Kwa hiyo ukimwangalia vizuri anakupa habari mapema. Jioni unatenga majike wenye mayai. Asubuhi unachukua watoto waliozaliwa usiku, wasiozidi siku moja. Unaweka watano katika kila kikombe, vikombe vinne kwa kila kiwango cha maji unayoyapima, na vikombe vinne vya maji safi kwa kulinganisha. Huwalishi. Unawaangalia baada ya saa ishirini na nne, na tena baada ya saa arobaini na nane. Basi. Mashine yetu ndiyo hiyo, na umeme ukikatika haizimi.

Vifaa vyetu tulivitengeneza wenyewe zaidi ya mlivyoambiwa. Pipeti za dukani zina mdomo mwembamba, zinamkwaruza mdudu. Bi Zuhura alikuwa akikata ncha kwa wembe na kuilainisha kwenye moto wa kibiriti, na alinifundisha kumwachia mdudu ndani ya maji, si juu yake, kwa sababu hewa ikiingia chini ya gamba lake anaelea kama boya na hazami tena. Joto la Shinyanga mnalijua. Kiyoyozi kilipokufa tulipanga vikombe ndani ya beseni la maji na kulizungushia magunia mabichi. Mgeni mmoja kutoka makao makuu aliona magunia yale, akaona na vidoa vinavyoruka, akaagiza chumba kipulizwe dawa ya mbu. Ilitubidi tumpe chai mpaka alipolisahau wazo hilo.

Sasa nifike kwenye kanuni ambayo habari hii yote imesimama juu yake. Muda ukifika, unatikisa kikombe taratibu, kisha unahesabu sekunde kumi na tano. Anayeogelea, anaogelea. Asiyeogelea, unamwandika kwamba amekwama, hata kama bado anapunga papasi, yale mapembe mawili laini anayopigia maji. Siku ya kwanza nilibisha. Nilimwambia Bi Zuhura, lakini huyu yu hai, mwone anavyopunga.

"Kabula," akaniambia, "hatuulizi kama yu hai. Tunauliza kama anaogelea. Asiyeogelea bwawani atazama kwenye tope au ataliwa kabla ya jioni. Huyo hayupo tena, ila yeye mwenyewe bado hajaambiwa."

Nilicheka, nikaandika, nikadhani nimeelewa. Kichwa kilielewa. Mkono ulikuwa umefundishwa na mtu mwingine muda mrefu zaidi.

Mkono wangu ulifundishwa zizini kwa baba. Mnajua kwetu Usukumani, kiangazi kikiwa kikali, ng'ombe wanadhoofika mpaka asubuhi wengine hawawezi kusimama. Majirani wanakuja na miti, wanaipitisha chini ya tumbo, mmoja anashika mkia, wanainua. Mimi nilikuwa mshika mkia. Baba alihesabu zizi kila alfajiri, na ng'ombe aliyelala ubavu lakini anapiga sikio alihesabiwa pamoja na waliosimama. Kumtoa kwenye hesabu mnyama anayepiga sikio ilikuwa kama kumtakia kifo. Nimeona ng'ombe wa namna hiyo wakiinuliwa siku tisa mfululizo, na siku ya kumi wakainuka wenyewe. Ukikua hivyo, huwezi kuliangalia sikio linalocheza ukaandika kwamba mwenyewe hayupo.

Bi Zuhura alipostaafu akarudi Tanga, mimi ndiye niliyekabidhiwa chumba. Kazi ziliongezeka. Mitambo ya kuchenjulia dhahabu ilikuwa imeenea kutoka Geita mpaka Kahama, na mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki, ambao wachimbaji wanauita marudio, sasa ulikuwa ukilowekwa tena kwenye sayanaidi ili watoe dhahabu iliyobaki. Tulipokea chupa za maji kutoka mitoni, visimani, na kwenye malambo. Nyingi zilikuwa salama. Zisizo salama, wadudu walisema, nasi tukaandika, na mtambo ukasimamishwa mpaka ukarabatiwe. Nilijivunia hilo.

Mama Shija alikuja asubuhi moja miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya lambo katika kijiji kimoja mbele ya Kagongwa. Nikamwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia, akaniuliza watoto wangu wanaitwaje. Nikasema Kulwa na Doto. Akafurahi, akasema naye alianza na mapacha, ndiyo maana wa tatu akawa Shija. Kuanzia hapo akaniita Mama Kulwa, na tukawa ndugu kwa njia hiyo ya kwetu isiyohitaji maelezo.

Alieleza kwamba juu ya lambo lao kuna mtambo wa kuchenjulia, na baada ya mvua kubwa ukuta wa bwawa la marudio ulianza kutoa majimaji kwa chini. Maji ya lambo hayakubadilika rangi wala harufu. Mwenye mtambo alikuwa anaapa kwamba hakuna kitu. Kijiji kilitaka kujua kama ng'ombe waendelee kunywa. Lambo likifungwa, mahali pa pili pa kunyweshea palikuwa mwendo wa nusu siku, na ng'ombe walikuwa wadhaifu tayari.

"Mimi nitasema mkutanoni vile karatasi yako itakavyosema," akaniambia. "Isome vizuri hiyo karatasi, Mama Kulwa, maana mdomo utakaoitamka ni wangu."

Vitendanishi vya kupimia sayanaidi vilikuwa vimekwisha. Vilikuwa njiani, kama vitendanishi vyote nilivyowahi kuvijua. Kwa hiyo jibu lote lilikuwa kwa wadudu. Nilipanga vikombe vyangu, nikaweka magunia, nikangoja.

Baada ya saa arobaini na nane nilitikisa vikombe. Maji safi ya kulinganisha, wote ishirini wanaogelea. Maji ya lambo yasiyochanganywa, sita walikuwa wanaogelea. Watatu walikuwa wamekufa kabisa. Na kumi na mmoja walikuwa wamelala chini, wakipunga.

Nilikaa nao muda mrefu, zaidi sana ya sekunde kumi na tano. Bwana Deo, mwenzangu wa upande wa kemia, mtu wa Bukoba, alipita na chai yake akainama juu ya vikombe.

"Hao wanaogelea?" akauliza.

"Wanapunga."

"Sikuuliza kupunga."

Nikamwambia kwa utani kwamba kwetu ng'ombe akipiga sikio bado yumo kwenye hesabu. Akanijibu kwamba kwao Bukoba ng'ombe wa namna hiyo ni mchuzi. Tukacheka. Akaenda zake, nami nikaandika: watatu.

Nataka mwelewe vizuri, kwa sababu mtu akisimulia kosa lake hupenda kulipaka rangi. Hakuna aliyenipa kitu. Hakuna bosi aliyenipigia simu. Nilimfikiria Mama Shija akiwapeleka ng'ombe dhaifu nusu siku ya jua, nikawaona wakilala njiani, nikawatazama wadudu wale wakipunga, na mkono ukafanya ulichofundishwa. Niliwapa nafasi ya kuinuka. Lakini kiroboto maji hana jirani wa kuja na mti. Pembeni ya ukurasa niliandika kwa penseli, kwa maandishi madogo: kumi na mmoja chini, wanapunga. Nilijua kanuni. Ndiyo maana niliandika kwa penseli.

Taarifa ikasema maji hayakuonyesha madhara makubwa ya muda mfupi. Mama Shija akaichukua, akasema "wabeja," yaani asante, akaenda kuisoma mbele ya kijiji kizima. Lambo likabaki wazi na ukuta wa mtambo ukabaki vilevile, maana nani atakarabati ukuta usio na kosa?

Mvua iliyofuata ilifanya ule mchuruziko kuwa mfereji. Asubuhi yake ng'ombe tisa walikufa ukingoni mwa lambo, wengine wakiwa bado wameinamisha midomo majini. Wanne kati yao walikuwa maksai wa kulimia. Watu walinusurika kwa sababu tu kelele za ng'ombe ziliwatangulia.

Niliposikia, nilifungua daftari, nikatazama ukurasa, nikalifunga. Tulileta maji mapya, na safari hii wadudu hawakunipa kazi ya kuhesabu. Mtambo ulisimamishwa na lambo likafungwa siku hiyohiyo. Kikao kiliniuliza kama jaribio la kwanza lilikuwa sahihi. Nilisema maji yalibadilika baada ya mvua. Ni kweli, yalibadilika. Nimejificha ndani ya kweli hiyo miaka yote hii, na haina joto.

Deo aliniuliza mara moja tu kama nimeutazama tena ule ukurasa. Nikarudia kwamba maji yalibadilika. Akanitazama, akaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Baadaye alihamishwa, na hatukuwahi kulizungumza.

Ambaye hakuwa na pa kujificha ni Mama Shija. Yeye ndiye aliyesimama na karatasi. Walimtoa kwenye kamati. Waliofiwa na ng'ombe walisema alikuwa mtu wa mwenye mtambo. Nilizipata habari hizi kwa vipande, kutoka kwa dereva wetu, na kila kipande nilikimeza bila maji. Mwaka uliofuata alipita maabara akiwa njiani kwenda hospitali. Alikuwa ameniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa rambo. Akasema nisijisumbue moyoni, yeye anajua nilipima kwa uaminifu, mvua ndiyo iliyotuponza sote wawili. Nilipokea michembe ile. Niliila, wanangu. Sijui niliwezaje.

Mwezi uliopita, wakati wa makabidhiano, ilibidi nisaini kila daftari. Nikafika ukurasa ule. Wino ulikuwa umeanza kufifia. Penseli ilikuwa bado inasomeka.

Juzi nikapanda basi mpaka Kagongwa, na bodaboda kutoka pale. Mama Shija alikuwa jikoni, anachambua choroko kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi: kanuni, sekunde, watatu, kumi na mmoja. Nikamwambia kwamba kwa hesabu sahihi walikuwa kumi na wanne kati ya ishirini, na karatasi ingesema lambo lifungwe.

Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Karatasi ile ilikuwa uongo au kosa?"

"Karatasi ilikuwa kosa. Uongo ni kunyamaza kwangu baadaye."

"Na michembe yangu ukala."

"Nikala."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Basi mimi hapa jikoni sina haja na maneno hayo. Sikuaibishwa jikoni. Kesho kuna mkutano."

Nililala kwake. Sikuulizwa kama nataka. Jana asubuhi mkutano ukakaa, na mwenyekiti wa kijiji akaniweka kwenye mengineyo, baada ya habari ya chanjo ya kuku. Nilisimama nikasema kwa Kisukuma, ili nisipate pa kujificha kwenye maneno ya ofisini. Nilisema Mama Shija alisoma kilichoandikwa, na aliyekiandika vibaya ni mimi. Nilieleza habari ya papasi. Nilieleza habari ya sikio la ng'ombe.

Kisha Mzee Luhende, aliyepoteza maksai wawili asubuhi ile, akainua fimbo kuomba nafasi.

"Huyo mdudu aliyelala akipunga," akasema, "wewe ulimhesabu mzima?"

"Ndiyo, baba."

"Hata mimi ningemhesabu mzima." Akaishusha fimbo. "Lakini mimi sikusomeshwa."

Hakuna aliyecheka. Nikakaa chini. Mkutano uliendelea bila kunipa laana wala pole. Nilichoona ni kwamba wakati wa kutawanyika, mke wa Mzee Luhende alisimama mbele ya Mama Shija akamsalimia, na Mama Shija akaitikia bila haraka, kama mtu anayepima kitu mkononi.

Hakunisindikiza. Alinifuata tu mpaka kwenye bodaboda akiwa na chupa nne zimefungwa kwenye kanga mbichi. Ukuta wa mtambo umejengwa upya, akasema, na mvua mbili zimepita. Kijiji kinataka kujua kama lambo lifunguliwe au libaki limefungwa. Kamati haijaamua nani atasimama kuisoma karatasi, lakini anadhani atasimama yeye. Chupa zimejazwa mpaka shingoni, bila hewa, kama nilivyomwelekeza zamani, ili sumu isipande ikatoroka.

"Uwape wale vijana wako wapime," akasema. "Usipime wewe."

Ndiyo maana nimeandika haya leo na kuwaletea kwa mkono pamoja na chupa, maana maji hayasubiri. Ukurasa ule nimeupiga mstari mmoja tu, ili neno "watatu" bado lisomeke, nikaandika juu yake "kumi na wanne," na tarehe ya leo, na jina langu. Nakala ya barua niliyoiandikia ofisi imo ndani ya daftari hilohilo. Ninyi ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi kwa umri wenu, nimewaona mkifanya kazi. Mkono wenu pia umefundishwa na mtu mwingine kabla ya maabara. Mjueni mtu huyo.

Chupa ziko kwenye jokofu, rafu ya chini, gizani. Leo jioni tengeni majike wenye mayai. Kesho asubuhi chukueni watoto, watano kila kikombe, na msisahau maji ya kulinganisha. Baada ya saa arobaini na nane tikiseni kila kikombe taratibu, hesabuni sekunde kumi na tano kwa sauti, na asiyeogelea, mwandikeni kwa wino.